Pigo la Katikati: Tarumbeta la Mlimani, Kompyuta ya Majengo na Swali la Mzee

Desemba iliyopita, kama ilivyo desturi yetu watu wa Kilimanjaro, nilipanda mlima kwenda kula sikukuu nyumbani. Baina ya Krismasi na Mwaka Mpya kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, Old Moshi. Mchana bendi ya matarumbeta ya usharika iliwasindikiza maharusi kutoka kanisani hadi kihambani, wazee na vijana wakipuliza huku wakitembea kwenye vumbi. Jioni wapulizaji walikula, wakafunga vyombo vyao, na zamu ikawa ya spika kubwa zilizopandishwa kutoka mjini.

Mmoja wa waliokuwa nyuma ya spika hizo ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 23, amepanga chumba Majengo, mjini Moshi, na humo ana kompyuta, spika mbili na kinanda kidogo cha kuunganisha na kompyuta. Yeye ni mtayarishaji wa muziki. Baba yake husema hana kazi. Usiku ule alipiga biti yake mwenyewe, isiyo na mwimbaji: ngoma nzito chini, na baina ya ngoma na ngoma, sauti fupi kali ya kinanda ikijibu. Dum-tcha, dum-tcha. Watu walisimama bila kuitwa.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa ukoo, ambaye sote tunamwita Meku kwa heshima. Mzee huyu alianza kupuliza tarumbeta kanisani akiwa kijana aliyetoka kupata kipaimara, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda, kisha akanigusa mkono.

"Huyo anayejibu kati ya ngoma na ngoma," alisema, "hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Tuba ilisema bum, mimi nikasema pa. Mimi nililipwa wali na nyama. Huyu mtoto analipwa nini?"

Nilicheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Baadaye usiku nilimuuliza kijana. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amemuuzia msanii mmoja biti kwa shilingi elfu thelathini, bila karatasi yoyote. Miezi michache baadaye alisikia biti ileile redioni, sauti ya msanii ikiwa imeondolewa, ikitangaza bidhaa za kampuni moja ambayo sitaitaja. Alipopiga simu aliambiwa kwamba "vinanda vile kila mtu anapiga". Hapo ndipo suala lilipo. Ni kweli kila mtu anapiga. Je, hilo lina maana kwamba hakuna aliyepiga?

Pigo lenyewe ni nini

Msomaji ambaye si mwanamuziki, kama nilivyo mimi, anahitaji maelezo mafupi. Niliketi katika chumba kile cha Majengo siku mbili, nikiwa mwanafunzi na mtoto wa kaka yangu akiwa mwalimu. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho.

Nyimbo nyingi za kudansi huenda kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Maana yake, ngoma ya chini hupiga kila baada ya nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Pigo la katikati huangukia pale ambapo ngoma imenyamaza, milisekunde 250 baada yake. Katika singeli, ambayo huvuka mapigo 200 kwa dakika, nafasi hiyo hupungua hadi milisekunde 150 au chini ya hapo. Ndani ya upenyo huo mdogo mtayarishaji hupenyeza kodi. Sisemi ile ya TRA; nasema noti tatu au nne zinazolia kwa pamoja. Waimbaji wa kwaya watanielewa nikisema la, do, mi na so.

Vijana wa studio huiita sauti hiyo "stabu", kwa kuwa hutoka kama kitu cha kuchoma: huingia na kutoka. Ili itoke hivyo, sinthesaiza hupangwa mambo manne. Sauti ianze papo hapo, bila kupanda polepole. Ishuke haraka, kwa milisekunde 150 au 200. Isidumu hata kama kidole kimebaki kwenye kinanda. Na ikiachiwa, ife mara moja. Baada ya hapo kijana huondoa mlio mzito wa chini katika kodi, ili isigombane na ngoma na besi. Hufungua na kufunga kichujio kidogokidogo ili kodi ileile isichoshe sikio. Mwisho huongeza mwangwi mfupi, kama wa mtu anayeitika kutoka ng'ambo ya korongo.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kilichobaki ndicho kigumu kuliko vyote. Kompyuta iliweka kila pigo katikati kabisa, kwa usahihi wa mashine, na biti ikasikika kama saa ya ukutani. Kijana alizishika kodi moja moja akazichelewesha, nyingine milisekunde 10, nyingine 15. Biti ikapumua. Nilimuuliza amejifunza wapi kiasi cha kuchelewesha. Alisema, "Hakuna kipimo, baba mdogo. Nasikiliza tu mpaka mwili ukubali."

Siku iliyofuata nilimuuliza Meku kama enzi zake alipuliza katikati kabisa ya mapigo. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ukiwahi, wanaotembea wanajikwaa. Unaingia nyuma kidogo, ndipo mguu unanyanyuka."

Tarumbeta lilivyopanda mlima

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakati utawala wa Wajerumani ukijengwa kwa bunduki. Utamaduni wa bendi za tarumbeta za kanisa ulikuwa umeshamea katika makanisa ya kiinjili ya Ujerumani katika karne ileile ya 19. Zilikuwa bendi za wakulima na mafundi, watu wa kawaida waliopuliza tenzi nje ya kanisa, makaburini na kwenye sikukuu. Sharika za Kilimanjaro ziliupokea utamaduni huo na zimeutunza hadi leo. Mgeni akishuka stendi ya Moshi siku ya Jumamosi, kabla hajauona mlima anaweza kulisikia tarumbeta likipita juu ya gari la harusi.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliamini kwamba kanisa la Wachaga lingesimama juu ya mahusiano matatu yaliyokuwapo kabla yake: ukoo, ujirani na rika. Mengi ya fikra zake yanastahili kukosolewa. Alitaka kuuhifadhi Uchaga ambao Wachaga wenyewe walikuwa wanaubadilisha, na vijana waliotaka kusoma Kiingereza na kuuza kahawa hawakumsubiri. Hata hivyo, ukitazama bendi ya usharika utaona kwa nini ilishika mizizi. Ni majirani wa rika moja wanaogawana kazi moja. Mmoja hubeba wimbo. Mwingine huweka msingi kwa tuba. Wengine, wenye vyombo vya ukubwa wa kati, wanapotoka kwenye tenzi na kuingia kwenye mwendo wa maandamano, hupewa kazi ya kujibu katikati: pa, pa, pa. Kazi hiyo haina sifa. Hakuna anayerudi nyumbani akipiga mluzi wa "pa". Lakini iondoe, na maandamano yanageuka kuwa mazishi.

Tarumbeta halikuja kwa njia ya kanisa peke yake. Pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha beni, ngoma iliyochukua vyombo, sare na vyeo vya bendi za kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza beni kila walikopita askari na wapagazi, pamoja na makundi yake mawili maarufu, Marini na Arinoti. Reli kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Moshi mwaka 1911, na reli haibebi mbegu na mabati tu. Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975. Hoja yake kuu bado ina uzito. Wakoloni wengi waliona katika beni kuiga tu, na baadhi yao waliiogopa. Yeye aliona watu wakijipanga, wakisaidiana, wakishindana na kujenga heshima yao kwa vyombo ambavyo hawakuvitengeneza.

Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kuandikwa leo juu ya kijana mwenye kompyuta.

Nani alikuwa na chombo

Katika somo la uchumi wa siasa tunawafundisha wanafunzi wetu kuuliza: nani anamiliki njia za uzalishaji? Tuulize hivyohivyo kuhusu muziki.

Chombo alichopuliza Meku kilikuwa cha usharika. Alikichukua kwa kazi, akakirudisha. Baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi Jazz ilikuwa ya Polisi, na Kimulimuli ilikuwa ya JKT. Mpiga gitaa la rithimu, yule anayejaza katikati ya mapigo huku wa solo akishangiliwa, alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Gitaa lilikuwa la mwajiri. Kurekodi nako kulikuwa mlango mmoja: kwa miaka mingi bendi ilienda Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga, ikaondoka, na kanda ikabaki maktaba.

Moshi hata hivyo ilikuwa na historia yake pembeni. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977, Shirikisho la Walutheri Duniani lilirusha matangazo ya Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo. Nakumbusha hili kwa vijana wanaodhani kwamba kurekodi sauti katika mji huu kulianza na wao. Wazazi wa wazazi wao walisimama mbele ya maikrofoni mjini Moshi kabla ya Azimio la Arusha.

Mfumo wa vyombo vya umma ulikuwa na heri yake. Mpigaji alikuwa na mshahara, na Kiswahili kilipata nyimbo ambazo bado tunazo. Lakini ulimfunga kijana asiye na mwajiri. Baada ya Vita vya Kagera na ukata wa fedha za kigeni, hata nyuzi za gitaa zilikuwa adimu. Mlango ulianza kufunguka kwa bajeti ya mwaka 1984, walioweza kupata fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na ukafunguka zaidi chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Pamoja na mitumba, redio na baiskeli, viliingia vinanda vidogo vya Casio.

Kinanda kidogo kutoka Japani

Hapa historia yetu inapita njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ilitoa kinanda kidogo cha betri, MT-40. Midundo iliyohifadhiwa ndani yake iliandaliwa na Okuda Hiroko, mwajiriwa mpya aliyetoka chuo cha muziki, ambako aliandika tasnifu yake juu ya rege. Mwaka 1985 huko Jamaika, mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy walitumia mdundo mmoja wa kinanda hicho kutengeneza "Under Mi Sleng Teng", na rege ikaingia zama za mashine. Binti wa Kijapani aliyeisoma rege alikuwa ameirudisha Jamaika bila kujua, imefungwa ndani ya plastiki.

Rege ni ufalme wa pigo la katikati. Gitaa na kinanda cha rege havishiki pigo kuu. Huingia pale wengine wanapoacha, kwa kodi fupi zilizokatwa. Watanzania walikuwa wameizoea sauti hiyo kwa kanda za Bob Marley, ambaye mwaka 1980 alipiga katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Masikio yalikuwa tayari.

Casio zilipofika uswahilini Dar es Salaam, vijana walizifanyia mambo ambayo hayamo katika kijitabu cha maelekezo. Waliziunganisha na vikuza sauti chakavu na spika za honi, wakaweka mbele ya ngoma zilizotokana na asili ya Kizaramo, na mchiriku ukazaliwa. Kundi la Jagwa Music liliuchukua mtindo huo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2012 albamu yao, "Bongo Hotheads", ilitolewa na kampuni ya Ubelgiji. Kinanda kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule ya mtoto kiligeuka kuwa chombo cha mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza, mpiga kodi alikuwa na chombo chake mwenyewe.

Mwaka 1997, tena kutoka Ubelgiji, ilitolewa programu iliyoitwa FruityLoops, ambayo leo inaitwa FL Studio. Skrini yake ni gridi: safu ya vitufe, kila kitufe ni sehemu ya pigo. Bonyeza cha kwanza, ngoma inalia. Bonyeza cha tatu, kodi inajibu. Bum, pa. Kazi ya miaka ya mazoezi ya midomo na pumzi ikageuka vitufe viwili. Redio binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na zilihitaji muziki mpya. Studio za Master J na P-Funk Majani, pamoja na kazi ya Mfini Miikka Kari, tuliyemjua kama Mika Mwamba, zilithibitisha kwamba wimbo unaweza kuikamata nchi bila bendi. Kompyuta ziliposhuka bei, studio zikahamia vyumbani. Sisso na wenzake wa Mburahati waliusukuma mwendo hadi ukawa singeli tunayoijua, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" uliosikilizwa mbali sana na Mburahati.

Kufanana si ukoo

Sasa niseme neno kama mwanahistoria, hasa kwa wanafunzi wangu, ambao hupenda kuchora mishale kutoka jambo hadi jambo.

Mtu angeweza kuandika kwa urahisi kwamba stabu ya Majengo ni mjukuu wa tarumbeta la Leipzig. Hadithi hiyo ni tamu, na ndiyo sababu tunapaswa kuitilia shaka. Kijana hakujifunza kwa Meku. Alijifunza kwa video, kwa programu, kwa rege, kwa amapiano ya Afrika Kusini, na kwa muziki wa hausi uliozaliwa Chicago miaka ya 1980 mikononi mwa vijana weusi. Kodi za sinthesaiza za Detroit zilivuka bahari hadi Berlin, na huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Moritz von Oswald na Mark Ernestus, kwa jina la Basic Channel, walizizamisha katika mwangwi waliojifunza kutoka Jamaika. Kwa hiyo Wajerumani waliotuletea tarumbeta walikuja kufundishwa pigo la katikati na watoto wa watumwa. Mshale unaelekea kila upande.

Isitoshe, wazo la kujibu katikati halikuwasubiri Wajerumani. Makofi na vigelegele vya wanawake katika ngoma za Kichaga, kama ilivyo katika ngoma nyingi za Afrika, huingia katika nafasi zilizoachwa na wengine. Inawezekana tarumbeta lilipokelewa vizuri mlimani kwa sababu lilikuta watu waliokwisha kujua kujibu. Hilo siwezi kulithibitisha kwa waraka wala kwa kanda, nami nalitoa kama dhana tu.

Ninachoweza kukisimamia ni kingine. Katika kila hatua ya historia hii, anayepiga pigo la katikati ni mfanyakazi yuleyule: wimbo haubebi jina lake, hasimami mbele, na kazi yake huonekana nyepesi kwa kuwa ameifanya vizuri. Teknolojia ilimpa chombo. Haikumpa jina.

Kile ambacho kila mtu anapiga

Turudi kwenye jibu aliloambiwa kijana: "vinanda vile kila mtu anapiga."

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayodhulumu kwa urahisi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo wala mbinu. Hakuna anayeweza kumiliki pigo la katikati, na Mungu atuepushe na siku atakapopatikana mtu wa kulimiliki. Lingekuwa la nani? La Leipzig? La Kingston? La bibi zetu waliopiga makofi? Casio yenyewe haikuwadai Wajamaika kwa ule mdundo wa Okuda, na dunia ikapata muziki.

Lakini sheria hiyohiyo inalinda kazi mahususi na rekodi mahususi. Kodi zile, kwa mpangilio ule, kwa sauti ile iliyochongwa usiku kucha, zilizocheleweshwa kwa kiasi kile ambacho mwili ulikubali, ni kazi ya mtu. Ulinzi huanza kazi inapotengenezwa. Kuisajili COSOTA husaidia kuthibitisha, wala si sharti la haki kuwepo. Wazo la mwiko na mchele ni la wote, ila sahani ya pilau iliyo mezani ina aliyeipika.

Nikiwa mkweli, kosa la kwanza lilikuwa la kijana. Aliuza bila kuandika. Hakueleza kama anauza ruhusa ya wimbo mmoja au anauza kila kitu milele. Nilipomwambia hivyo alijibu, bila hasira, "Baba mdogo, ningetoa karatasi, asingenunua." Hapo nilinyamaza. Ni rahisi kwa mwalimu wa chuo kikuu mwenye mkataba wa ajira kumhubiria mikataba mtu ambaye kodi ya chumba inadaiwa kesho.

Kwa hiyo ushauri wa kumwelimisha mmojammoja hautoshi, na historia ya mlima huu inatuonyesha njia nyingine. Miaka ya 1920 mkulima wa Kichaga alikuwa na kahawa, na walowezi hawakufurahi kumwona akiilima. Peke yake kihambani, hakuwa na nguvu mbele ya mnunuzi mwenye mizani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1933 ikaja KNCU. Ushirika huo ulipata misukosuko, serikali ya kikoloni iliuingilia, na baada ya Uhuru sisi wenyewe tuliuvuruga zaidi ya mara moja. Lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: anayezalisha kidogo kidogo, akiuza peke yake, hupangiwa bei.

Moshi ni mji wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Je, ni jambo lisilowezekana watayarishaji ishirini wa Majengo, Pasua, Njoro na Soweto kuunda chama kidogo chenye mambo matatu: mkataba mmoja wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, daftari la pamoja la kazi zilizouzwa, na kiwango ambacho hakuna mwanachama atauza chini yake? Wanafunzi wa sheria na ushirika wangeweza kuandika mkataba huo kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Afisa utamaduni wa manispaa angeweza kuwapa ukumbi wa kukutania. Hakuna katika haya kinachongoja bajeti.

Kwa wenzangu watumishi wa umma nina ombi dogo zaidi. Tunapojaza takwimu za vijana wenye ajira na wasio na ajira, tuwaulize wenye kompyuta vyumbani wanafanya nini usiku. Na tunapoandaa sherehe za kitaifa, tunapotumia biti kwenye video za miradi yetu, tumuulize aliyeitengeneza jina lake, na tulipe. Serikali isiyoandika jina la mpiga kodi haina uso wa kumlaumu mfanyabiashara.

Asubuhi ya kuondoka nilimpeleka kijana kwa Meku. Alimwamkia, "Shikamoo, Meku," akamwekea biti kwenye simu. Mzee alisikiliza, akaikunja midomo yake isiyo na meno mengi, akaanza kupuliza hewani kwenye nafasi zilezile. Pa, pa, pa. Nyuma kidogo ya katikati. Kijana alitoa daftari, akaandika kitu. Niliuliza ameandika nini. Alikuwa ameandika jina kamili la mzee, tarehe, na neno moja: "tarumbeta". Alisema anataka kumrekodi wakati wa Pasaka, na safari hii karatasi itatangulia.

Meku aliuliza kama kwenye hiyo karatasi kutakuwa na wali. Kijana akamwambia kutakuwa na wali, na asilimia.